Muhogo, Fedha na Vitundu: Nani Aikamate Iodini?

Mezani kuna vitu vitatu: kipande cha muhogo mbichi, sufuria ndogo yenye maji ya wanga, na kichupa cha iodini ya kahawia, ile ile ya kusafishia vidonda. Aliyevileta ni Mkemia, binti wa miaka thelathini na kitu anayetengeneza polima maabarani. Mhandisi, mzee aliyetumikia mitambo ya kuchuja hewa mpaka akastaafu, ameegemea kiti na mikono kaifumbata kifuani. Daktari wa tiba ya mionzi amechelewa, wodi haikumwachia. Mimi ni mwalimu wa kemia, nao wananiita hivyo hivyo, Mwalimu, kwa hiyo kugawa zamu za kusema kumeniangukia mimi. Watu hawa nimewaumba kwa ajili ya mjadala huu. Hoja zao sikuziumba.

Swali ni hili: iodini yenye mionzi inayotoka kwenye mitambo ya nyuklia inaswe na polima za kikaboni zenye vitundu, au kazi ibaki kwa mkaa na madini ya fedha kama ilivyokuwa?

MKEMIA: Shikamoo, Mzee.

MHANDISI: Marahaba, binti yangu. Haya, tushawishi.

MKEMIA: Sitaanza na maneno. Tazameni.

Anadondosha tone moja la iodini juu ya muhogo. Tone linatambaa, ukahawia unageuka bluu, bluu inakolea mpaka inakuwa nyeusi kama wino, na pembeni kunabaki duara la zambarau. Kila aliyepita sekondari kwetu amewahi kuliona tone hilo.

MKEMIA: Tunawaambia watoto kwamba hiki ni kipimo cha wanga, basi, daftari linafungwa. Lakini ubluu umetoka wapi? Iodini ni kahawia, wanga ni mweupe. Ni kwamba sehemu moja ya wanga, amilosi, imejisokota kama springi, na katikati ya springi pana mfereji mwembamba. Iodini huingia humo, huazima elektroni kidogo, na chembe zake hushikana mikono zikawa mnyororo. Mnyororo ndio wa bluu. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya muhogo, ila mfereji nauchonga mimi mwenyewe, na kuta zake naziwekea kitu ambacho iodini haiwezi kukipita bila kusimama.

MWALIMU: Kitu gani hicho?

MKEMIA: Elektroni za kuazima, Mwalimu. Iodini ina njaa ya elektroni. Naitrojeni ina jozi ya elektroni iliyokaa bure, haijafungwa popote. Pete za benzini zina wingu la elektroni juu na chini. Ukivipanga hivyo kwenye kuta za kitundu chenye upana wa nanomita moja au mbili, iodini ikipita inavutwa, inashikana tatu tatu, tano tano, inatulia. Na hatubahatishi. Mwaka 2005 kundi la Omar Yaghi kule Marekani lilionyesha kwamba molekuli za kikaboni zinaweza kufungwa kwa vifungo vya kovalenti zikawa wavu uliopangika kama fuwele. Ndizo tunazoziita COF. Mwaka 2009 watafiti wa China wakatoa PAF-1, ambayo gramu moja tu ina uso wa ndani unaozidi mita za mraba 5,000. Uwanja wa mpira una kama 7,140. Kwa hiyo ni karibu robo tatu ya uwanja ndani ya kijiko, na kila mahali pa uwanja huo naamua mimi pakae nini.

MHANDISI: Uso si mzigo. Inabeba kiasi gani?

MKEMIA: Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima ZIF-8, ambayo si polima bali ni jamaa yake mwenye metali ndani, zinki. Gramu moja ilibeba kama gramu 1.25 za iodini. Mwaka 2018 kundi la Donglin Jiang likatangaza COF iliyobeba gramu 6.26. Wengine wamepita hapo.

MHANDISI: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Simsemi huyo wa gramu sita, nasema mbio zenyewe. Mwalimu, nipe karatasi. Iodini ngumu ina uzito wa gramu 4.93 kwa sentimita moja ya ujazo. Polima yenye nafasi ya ndani ya sentimita moja ya ujazo kwa gramu, hata ukiijaza pomoni, haiwezi kuweka ndani zaidi ya gramu 4.93. Sasa mtu anakuja na polima ya nafasi hiyo anasema imebeba gramu saba. Hizo mbili zimekaa wapi?

MKEMIA: Nje. Zimeganda juu ya unga na kwenye kingo za kichupa. Au wavu umevimba, jambo linalowezekana kwa polima zisizo ngumu. Au iodini imekula polima yenyewe. Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kuifanya nikipewa makala ya mtu niikague, Mzee. Hapo hatugombani.

MHANDISI: Basi mweleze Mwalimu mnavyopima, ndipo tutakapogombana.

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu ugomvi wote umelala ndani ya kichupa kimoja. Unachukua kichupa kidogo kisicho na kifuniko, unaweka humo unga wa polima, miligramu 20 au 30, wa njano kama manjano ya pilau. Unakipima kwenye mizani nyeti. Unakiingiza ndani ya chupa kubwa zaidi ambayo chini yake kuna fuwele za iodini, nyeusi zenye kumeta. Unafunga, unaweka kwenye oveni ya nyuzi 75 au 80, na unaondoka. Ukirudi baada ya saa moja chupa imejaa mvuke wa zambarau na unga umekuwa rangi ya hudhurungi. Kesho yake ni mweusi. Unatoa, unaacha upoe, unapima tena, na tofauti ya uzito ndiyo inayokwenda kwenye kichwa cha makala. Baadaye unaosha kwa ethanoli; ethanoli inatoka na rangi ya chai ya rangi, na unga unaanza kurudia unjano wake. Nakiri kwamba nilipoona picha za hatua hizo mara ya kwanza nilizipenda kuliko takwimu yoyote. Ni kemia ambayo jicho linaiona.

MHANDISI: Mimi nayaonea shaka mambo mawili humo. La kwanza ni wingi. Kwenye nyuzi 75, ndani ya chupa iliyofungwa, iodini inafika sehemu zaidi ya elfu kumi katika kila sehemu milioni za hewa. Kwenye bomba la mtambo wa kuchakata fueli iliyotumika, iodini ni sehemu chache kwa milioni, pengine makumi. Ninyi mnamnywesha mtu mtoni, halafu mnasema anaweza kuishi kwa umande.

MKEMIA: Na la pili?

MHANDISI: Joto. Tena hilo silisemi kwa mdomo. Mwalimu, washa jiko, na dirisha lifunguliwe.

Anamimina matone machache ya iodini kwenye maji ya wanga. Sufuria yote inakuwa bluu, bluu nzito kama khanga mpya ndani ya beseni. Anaiweka motoni. Tunakaa kimya. Maji yanapoanza kutoa vibofu vidogo pembeni, bluu inapauka; kabla hayajachemka sawasawa, maji ni meupe.

MHANDISI: Mnyororo wako umekatika. Springi imelegea, iodini imeachia mikono. Vichujio vya fedha hufanya kazi kwenye nyuzi 150. Kwa nini? Kwa sababu hewa ya mtambo imebeba maji na mvuke wa asidi. Fueli iliyotumika huyeyushwa katika asidi ya nitriki ya moto, na kinachopanda pale ni iodini pamoja na oksidi za naitrojeni na unyevu. Ukiipoza hewa hiyo, maji yanajikusanya kwenye vitundu vyako na iodini inakuta mlango umejaa. Ukiiacha moto, mkono wa kuazima elektroni unalegea kama huu. Na oksidi za naitrojeni? Zinakula naitrojeni na pete ulizozipanga kwa ustadi. Polima ni kitu cha kikaboni, binti yangu. Inaungua.

Daktari anaingia na kukuta sote tunatazama sufuria ya maji meupe.

DAKTARI: Hodi. Samahanini wakubwa. Nimemwacha mgonjwa kwenye chumba cha peke yake, amemeza kidonge cha iodini 131 asubuhi, na ndugu zake hawaelewi kwa nini hawaruhusiwi kumkumbatia. Mmefika wapi?

MWALIMU: Tumefika kwenye joto. Lakini wasomaji wangu hawajasikia kwa nini tunahangaika na iodini na si kitu kingine.

DAKTARI: Kwa sababu ya hapa. (Anajishika shingoni, chini ya koo.) Tezi hii inaijua iodini kwa jina. Pakiti ya chumvi inaandikwa kuwa ina madini joto, na ni kwa ajili ya tezi hii, watu wasiote rovu. Ikikosa iodini inavimba, na ikiipata inaikusanya kwa bidii, iwe ni ya dukani au ya mtambo uliolipuka. Haina jicho la kuona mionzi. Mimi naitumia tabia hiyo kutibu, nampa mgonjwa wa saratani ya tezi sumu inayokwenda moja kwa moja mahali pake. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, tabia hiyo hiyo iliwageukia watoto. Iodini ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi katika Belarus, Ukraine na Urusi, watu waliokuwa watoto au vijana siku ile. Poland iligawa iodini ya kawaida kwa mamilioni ya watoto ndani ya siku chache, ili tezi zishibe kabla ile mbaya haijafika. Mimi sijui ya vitundu. Ninachojua ni kwamba iodini ikishatoka nje ya bomba, kinachobaki cha kuikamata ni tezi ya mtoto.

Kimya kinachofuata si cha adabu tu. Mhandisi ndiye anayekivunja, na sauti yake imeshuka.

MHANDISI: Daktari, ndiyo maana mimi ni mgumu. Pale Windscale, Uingereza, mwanafizikia John Cockcroft alishikilia kwamba vichujio viwekwe juu kabisa ya mabomba ya moshi, wakati ujenzi umeshafika mbali. Watu wakaviita upuuzi wa Cockcroft. Tarehe 10 Oktoba 1957 kinu kikashika moto, na vichujio vile vikazuia sehemu kubwa ya vumbi la mionzi. Alikuwa sahihi. Lakini vilitengenezwa kwa ajili ya vumbi. Iodini ni mvuke, ikapita. Maziwa ya eneo la kilomita za mraba kama 500 yakamwagwa kwa wiki kadhaa. Kichujio hodari kwa kazi moja si kichujio kwa kazi nyingine. Sitaki polima hodari wa kichupa ikanisimamie bombani.

MKEMIA: Basi niulize kazi iliyo bombani, Mzee, usiniulize ya kichupani. Kwanza tuzitenganishe iodini mbili ambazo tunazichanganya tangu tuanze. Iodini 131, anayoisema Daktari, kila baada ya siku 8 nusu yake imekwisha. Ishikilie siku 80, inabaki chini ya sehemu moja katika elfu. Hiyo haihitaji kaburi, inahitaji kucheleweshwa. Iodini 129 ni nyingine kabisa. Nusu yake inakwisha baada ya miaka milioni 15.7. Mitambo ya kuchakata fueli ya La Hague, Ufaransa, na Sellafield, Uingereza, imeitoa baharini kwa miongo kadhaa, na wanasayansi wa bahari huifuata kama alama kujua maji ya Ulaya yanavyopanda mpaka Aktiki. Alama ya kazi ya binadamu, ndani ya maji, kwa muda ambao hakuna lugha itakayoishi kuusimulia.

MHANDISI: Hapo umesema. Na ya kwanza ina mkaa tayari. Mkaa amilifu uliotiwa TEDA uko kwenye mitambo ya umeme miaka mingi.

MKEMIA: Na kwa nini waliutia TEDA? Kwa sababu iodini haitembei peke yake. Sehemu yake inaungana na kaboni ikawa methili iodidi, na hiyo haina njaa ya elektroni kama iodini, mkaa mtupu unaipitisha. TEDA ina naitrojeni inayoishambulia methili iodidi, inainyang'anya methili, na iodidi inabaki imefungwa kwa chaji. Hicho si kifungo cha kuazimana kinacholegea jikoni. Basi mimi TEDA siimwagii juu, maana ya kumwagia inapukutika taratibu kwa joto na unyevu. Naitrojeni ya aina hiyo naishona ndani ya ukuta wa polima. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2021 COF yenye naitrojeni nyingi ikikamata iodini na methili iodidi kwa pamoja, hewa ikipita, si kwenye chupa iliyofungwa. Kwa hiyo ule mkono uliolegea kwenye sufuria si mkono pekee tulio nao.

MHANDISI: Hilo nalikubali. Ni mara ya kwanza leo umeniambia habari ya hewa inayopita.

MKEMIA: Na wewe niambie habari ya fedha. Mordenaiti, lile jiwe la vitundu mnalolitia fedha, ikiwa na fedha asilimia 10 ya uzito wake, kila atomi ya fedha ikipata iodini yake, inabeba kama gramu 0.12 kwa gramu. Basi. Na oksidi zile zile unazonitishia huichosha fedha kabla ya wakati. Ni madini ya thamani tunayoyazika, na yenyewe ni sumu kwa viumbe wa majini.

MHANDISI: Ndiyo, ni ghali, na inachoka. Lakini ikishakamata, imekamata. Iodidi ya fedha haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kusumbua. Nikuulize swali ambalo sijawahi kuona likijibiwa mwishoni mwa makala zenu: polima imejaa. Halafu?

MWALIMU: Si ioshwe kwa ethanoli itumike tena? Wanaandika mara tano, mara sita.

MHANDISI: Mwalimu, kwa heshima zote, na ethanoli yenye iodini 129 unaimwaga wapi?

Hapo nilinyamaza, na bado nadhani nilistahili kunyamazishwa. Kuosha kunapendeza kwenye mchoro wa makala, lakini kwa kitu cha miaka milioni 15.7 kuosha ni kuhamisha tatizo kutoka unga kwenda kwenye chupa.

DAKTARI: Si kuna kioo? Nasikia taka za mionzi huyeyushwa na kioo.

MHANDISI: Kioo cha aina ile huyeyushwa kwenye nyuzi zaidi ya elfu moja. Iodini haisubiri, inapanda na mvuke kabla kioo hakijaganda. Ndiyo maana iodini ni mwana wa kambo wa taka zote. Wenzake wana nyumba, yeye hana.

MKEMIA: Basi sikilizeni ninachodai, maana nilikuja na dai kubwa na sasa nalipunguza. Polima isiwe kaburi. Iwe mlango. Hewa ya mtambo ni nyingi mno na iodini ni chache mno. Fedha ikiwekwa pale mbele inachoshwa na takataka zote kabla haijakutana na iodini. Polima ikae mbele, ichague iodini kwenye hewa hiyo chafu, ijae. Kisha ipashwe moto taratibu na hewa kidogo, safi, kavu, iodini itoke ikiwa imekusanyika, ikakutane na fedha, au bismathi ambayo ni rahisi zaidi, na huko ndiko ifungwe. Kile kilichotokea kwenye sufuria, Mzee, ulikionyesha kama aibu yangu. Mimi nakitaka. Nakitaka kwa wakati wake.

MHANDISI: Na methili iodidi uliyoishona kwa chaji? Hiyo haitatoka kwa joto dogo.

MKEMIA: Hiyo haitoki. Safu ya pili, polima nyingine, inayotumika mara moja tu. Na hapo unanibana, kwa sababu polima hiyo itabidi ifungwe yote kama ilivyo, na sina jibu zuri la miaka milioni.

MWALIMU: Bei? COF hupikwa kwenye mirija ya kioo iliyofungwa kwa moto, siku tatu, nyuzi 120, unapata miligramu.

MKEMIA: COF ni mwalimu wetu, Mwalimu, si lazima iwe mfanyakazi wetu. Inatufundisha ni kuta gani zinazofaa, kwa sababu tunajua kila atomi imekaa wapi. Kazi tuzipe polima zilizoshonwa shelabela, zile ambazo pete za benzini zinaunganishwa kwa kloridi ya chuma na kiungio cha bei ndogo. Hazina mpangilio wa kupendeza, lakini zinatengenezwa kwa kilo, na hazivunjwi na maji wala asidi kwa urahisi.

Nimezisikiliza hoja hizi kwa muda mrefu kuliko jioni moja, na upande wangu naujua. Nasimama na binti, kwa sharti la mzee. Naamini kuta za kuchonga zitashinda fedha iliyomwagiwa juu ya jiwe, kwa sababu mwenye kuchonga anaweza kujibu kila lawama: maji yakisumbua, ukuta unafanywa usipende maji, oksidi zikila naitrojeni, naitrojeni inahamishiwa mahali palipojificha. Lakini naona uchungu ninapoona vijana wenye akili wakitumia miaka ya shahada kukimbizana kutoka gramu sita kwenda saba, kwenye chupa iliyofungwa, wakati bombani hakuna anayeomba gramu saba. Anayeomba ni yule anayetaka chembe moja ya mwisho isipite. Kenya imekuwa ikipanga kinu chake cha kwanza, na jina la Uyombo kule Kilifi lilipotajwa wakazi walisimama kupinga. Mtu wa pwani ile hatauliza polima yako ina mita ngapi za mraba. Atauliza nini kinatoka juu ya bomba siku mambo yakiharibika, na anastahili jibu lililopimwa siku mbaya, kwa hewa mbaya.

MHANDISI: Niletee hivi, basi. Nyuzi 150. Iodini sehemu kumi kwa milioni, na methili iodidi ndani yake. Maji. Oksidi za naitrojeni. Hewa ipite mfululizo kwa wiki, na unionyeshe saa ambayo iodini ya kwanza inatokea upande wa pili. Saa hiyo ndiyo nitakayoiamini.

Mkemia amefungua daftari na anaandika: 150, kumi, maji, oksidi, saa ya kwanza. Daktari ndiye aliyeiona sufuria kwanza. Jiko lilishazimwa, maji yamepoa, na ubluu umerudi.

DAKTARI: Si ule ule. Umepauka.

MKEMIA: Sehemu imepotea.

MHANDISI: Haijapotea. Imepita dirishani.

Mkemia anaangalia dirisha, kisha anaongeza mstari mmoja kwenye daftari: kupima kilichotoka.